Shajara ya mradi: gari linalozima likiwa kwenye mwendo, na jibu la "hitilafu haikuonekana"

Kilomita 142,310. Kufungua faili

Gari ni la petroli, silinda nne, lita 1.8, gia za mkono. Nozeli za mafuta zinapulizia kwenye manifoldi (paipu za hewa inayoingia kwenye injini), si moja kwa moja ndani ya silinda. Sensa ya krankishafti, au kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni; sensa husoma meno yake na kuiambia kompyuta kwamba injini inazunguka), ni ile ya zamani ya koili na sumaku, yenye waya mbili. Haya yamewekwa mwanzoni kwa sababu karibu kila kipimo kitakachofuata kinategemea aina ya gari. Namba za injini hii zisichukuliwe kuwa za injini zote.

Lalamiko limeandikwa kwenye kadi tatu za kazi za karakana ya wakala wa mtengenezaji kwa maneno mawili: "gari linazima". Mara zote tatu jibu ni moja: "hitilafu haikuonekana". Katikati ya safari hizo zimebadilishwa plagi zote nne, throto (mlango wa hewa ya injini) imesafishwa, na pampu ya mafuta imewekwa mpya. Mwenye gari amelipa kila kitu. Hakuna kadi hata moja yenye kipimo cha presha ya mafuta, wala volti ya pampu. Pampu iliyobadilishwa bila kupimwa ni ubashiri, na ubashiri huo umelipiwa na mteja.

Lengo la mradi si kutafuta kifaa kibovu kwa kubahatisha. Lengo ni kujua, sekunde ile injini inapokata, nini kimetangulia kukata. Jibu hilo likishapatikana, kifaa kitajulikana chenyewe.

Daftari la mwenye gari lina matukio kumi na moja. Matukio tisa yametokea baada ya dakika 35 au zaidi za mwendo. Hakuna hata moja lililotokea asubuhi injini ikiwa ya baridi. Gari halikohoi, halistuki na halipotezi nguvu kabla. Linakata kama mtu aliyezima ufunguo. Baada ya kama robo saa linawaka kama kwamba hakuna kilichotokea.

Daftari hili lina thamani kuliko kadi zote tatu. Kukata ghafla bila dalili huelekeza kwenye umeme. Injini inayokohoa, kuvuta kwa mapigo na kufa taratibu huelekeza kwenye mafuta au hewa. Inayozima kila unapokaribia kusimama, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, huelekeza kwenye sailensa, yaani mnguruma wa injini bila kukanyaga mafuta: throto chafu, vali ya sailensa iliyokwama, paipu ya vakyumu iliyopasuka, au vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) isiyofunga. Huu si mpaka wa chuma, lakini unapunguza kazi ya siku tatu ikawa ya siku moja.

Kilomita 142,318. Usalama kabla ya kipimo chochote

Majaribio yatafanyika barabarani, kwa hiyo watu wawili ni lazima: mmoja anaendesha, mwingine anatazama vifaa. Dereva hatazami vifaa kabisa.

Injini ikikata, kisaidizi cha breki kinabaki na vakyumu ya kutosha kwa mikanyago miwili au mitatu. Breki ikanyagwe mara moja, kwa uthabiti, bila kuachia. Anayepampu anaimaliza vakyumu na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani unakuwa mzito lakini unageuka. Ufunguo usirudishwe hadi mwisho gari likiwa linatembea, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Taa za hazadi, klachi, pembeni. Kuwasha upya ni baadaye.

Kilomita 142,318. Kusoma kodi

Hakuna kodi (namba ya kosa inayoandikwa na kompyuta ya gari) hata moja, iliyohifadhiwa wala inayosubiri. Vipimo vya kujikagua vya kompyuta vinaonyesha havijakamilika, maana yake kumbukumbu ilifutwa siku chache zilizopita. Gari lilitoka kwa wakala siku tano nyuma.

Hili linaumiza. Kodi ikifutwa inaondoka na picha ya hali ilivyokuwa wakati kosa linatokea: mizunguko ya injini kwa dakika, joto la maji, mwendo, mzigo. Kwa kosa linalokuja mara moja kwa wiki, picha hiyo ni nusu ya kazi. Kuchomoa betri ili "kompyuta ijipange upya" kunaleta hasara ileile. Kuanzia leo, kadi ya kazi itakuwa na sentensi hii: kodi zisomwe na kuchapishwa kabla ya kazi yoyote, na zisifutwe bila ruhusa ya mwenye gari.

Tulizotazamia kuziona: P0335 hadi P0339 kwa sensa ya kranki, P0340 kwa sensa ya kamshafti (mhimili unaofungua vali), P0230 kwa mzunguko wa umeme wa pampu, P0685 kwa rilei kuu ya kompyuta (rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme). Kutokuwepo kwake hakumaanishi gari ni zima. Mawimbi ya kranki yakipotea ghafla, kompyuta nyingi hutafsiri kwamba injini imesimama tu. Injini kusimama si kosa, basi hakuna kodi inayoandikwa. Fundi anayengoja kodi ndipo aamini hatalipata tatizo la aina hii.

Kilomita 142,318. Betri, chaji na ethi

Betri ikiwa imepumzika: volti 12.6. Injini ikinguruma, taa kubwa na feni vikiwa vimewashwa: volti 14.1. Hapa hakuna neno.

Kisha kupoteza volti kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Mita imewekwa kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (si kwenye kibano), nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku, mtu mwingine anapiga stata. Mita imeonyesha volti 0.62. Hapo tunataka isizidi 0.3. Waya wa ethi kutoka bloku hadi bodi umefunguliwa kwa spana namba 12: chini yake kuna kutu na rangi. Umesuguliwa kwa msasa hadi chuma kikang'aa, ukafungwa upya, ukapakwa grisi juu. Kipimo cha pili: 0.11.

Kishawishi cha kufunga faili hapa kilikuwa kikubwa, kwa kuwa ethi mbovu huweza kabisa kuzima injini. Lakini ethi mbovu haina sababu ya kungoja dakika 35, na haina sababu ya kupona baada ya robo saa. Imeandikwa kama kosa lililorekebishwa, si kama chanzo.

Kilomita 142,402. Limezima tena

Dakika ya 44, gia ya nne. Ethi imeondolewa rasmi kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kilomita 142,405. Mafuta

Geji imeunganishwa kwenye reli ya nozeli. Presha ikiwa sailensa: bar 3.2, kiwango cha injini hii ni 3.0 hadi 3.4. Baada ya kuzima, dakika tano baadaye bado iko bar 2.1, kwa hiyo vali ya kuzuia mafuta kurudi inashika. Kiasi: mafuta yaliyotoka kwenye chombo cha kupimia kwa sekunde 30 ni zaidi ya nusu lita, injini ikiwa imezimwa, kizima moto kando, betri ikiwa mbali na chombo. Umeme unaovutwa na pampu: ampea 4.8, na haupandi baada ya dakika 40 za kufanya kazi.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho muhimu kwa gari linalozima likipata joto. Pampu inayochoka huanza kuvuta ampea nyingi zaidi kwa kuwa inazunguka kwa shida. Upo mfano unaojulikana: mwaka 2020 Toyota ilianza kurejesha magari mengi kwa sababu ya pampu ya presha ndogo ndani ya tangi. Feni yake ya plastiki ilikuwa ikinyonya mafuta, inavimba, inaanza kugusa ukuta wa pampu, kisha inakwama. Gari lenye tabia hiyo hutoa dalili kwanza: sailensa inatetemeka, nguvu zinapungua mlimani. Letu halina dalili hizo.

Tahadhari kwa atakayetaka kupima presha akiwa kwenye mwendo: geji yenye mafuta haiingizwi ndani ya gari kamwe. Inafungwa nje, juu ya kioo cha mbele, uso wake ukiangalia ndani, na paipu ipite mbali na manifoldi ya moshi.

Kilomita 142,405. Swichi ya ufunguo

Injini ikinguruma, ufunguo umetikiswa juu, chini, kushoto, kulia, kisha ukabeba uzito wa gramu 300 kwa dakika kumi. Hakuna badiliko.

Hatukuiruka hatua hii kwa sababu historia yake ni chungu. Mwaka 2014 General Motors ilirejesha takriban magari milioni 2.6, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion. Kijiti kidogo cha springi ndani ya swichi kilikuwa dhaifu, kiasi kwamba mtikisiko au fungu zito la funguo liliweza kuirudisha swichi kutoka kwenye nafasi ya kuendesha. Injini inakata, usukani unakuwa mzito, na mito ya hewa haifunguki gari likigonga. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Kilichowachelewesha wachunguzi ni jambo dogo la karatasi: swichi ilipoboreshwa, namba ya kifaa haikubadilishwa, kwa hiyo kwenye rekodi swichi mbaya na nzuri zilionekana kitu kimoja.

Mtu yeyote ambaye gari lake linakata umeme wote, hadi taa za dashibodi, aanzie hapa na kwenye vibano vya betri. La kwetu huacha dashibodi ikiwaka.

Kilomita 142,411. Taa tatu

Hii ndiyo kazi yenyewe ya mradi. Zimewekwa taa tatu ndogo za LED kwenye kipande cha plastiki juu ya dashibodi:

Nyekundu: umeme unaotoka kwenye swichi ya ufunguo.
Njano: umeme unaotoka kwenye rilei kuu ya kompyuta.
Kijani: umeme unaokwenda kwenye pampu ya mafuta, umechukuliwa baada ya rilei ya pampu.

Kila taa ina rezista ya ohmu 1,000 na fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na pale waya unapochukuliwa. Kwa volti 12 kila moja inavuta kama milliampea 10, kiasi kisichoweza kusumbua mzunguko wowote. Waya zimepitishwa kwenye mpira wa ukuta wa injini, zimefungwa kwa tai za plastiki mbali na mkanda na manifoldi. Ethi ya taa zote ni nguzo hasi ya betri, si bodi, ili kosa la ethi ya bodi lisituchanganye.

LED ina udhaifu mmoja unaopaswa kujulikana. Inawaka vizuri hata kama waya umebaki na uzi mmoja, kwa sababu inahitaji umeme kidogo sana. Kwa hiyo kuwaka kwake kunathibitisha kwamba njia haijakatika kabisa. Hakuthibitishi kwamba njia inaweza kubeba mzigo. Kwa rilei kuu tumeongeza balbu ya wati 5, inayovuta karibu ampea 0.4. Balbu ikififia na LED ikabaki inawaka, muungano ni dhaifu.

Simu imewekwa nyuma ya kiti, inarekodi video ya picha 30 kwa sekunde: taa tatu na dashibodi yote ndani ya fremu moja. Kwenye soketi ya uchunguzi kimewekwa kifaa kidogo cha bluetooth kinachorekodi mizunguko, mwendo, joto la maji, na volti kinayoipima chenyewe. Vitu vinne tu. Gari hili linatumia mawasiliano ya zamani ya polepole. Ukiomba vitu kumi na viwili kwa pamoja, kila kimoja kinasomwa baada ya sekunde nne au tano, na tukio lote linapita katikati ya visomo viwili.

Tafsiri imeandikwa kabla ya jaribio, ili matokeo yasipindishwe kufuata dhana:

Zikizima zote tatu kwa pamoja, ni swichi, fyuzi kuu au betri. Ikibaki nyekundu, zikazima njano na kijani, ni rilei kuu au njia yake. Ikizima kijani kwanza na mizunguko ikashuka baadaye, ni rilei ya pampu au waya wake. Mizunguko ikiwa sifuri kwanza, kijani ikizima baadaye, kompyuta imepoteza mawimbi ya kranki. Yenyewe ndiyo imeikata pampu, kama ilivyopangwa ifanye injini ikisimama. Taa zote zikibaki zinawaka na mizunguko ikashuka taratibu, tunarudi kwenye mafuta, hewa na koili.

Kilomita 142,466. Jaribio la kwanza

Dakika 55, hali ya hewa ya ubaridi. Halikuzima. Jaribio lisilozaa tukio linaandikwa nalo. Hapa limetuonyesha kwamba joto la nje lina mchango.

Kilomita 142,531. Jaribio la pili

Mchana wa jua. Dakika ya 41, gia ya nne, kilomita 64 kwa saa, mizunguko 2,350. Limezima.

Video imepitiwa picha kwa picha. Mshale wa mizunguko unaanza kuanguka na unafika sifuri wakati mwendo bado ni 64, gia bado imeingia, klachi haijaguswa. Nyekundu inawaka. Njano inawaka, na balbu yake haijafifia. Kijani inazima picha 61 baadaye, yaani kama sekunde mbili.

Hapa kuna jambo la kusimama na kulitazama. Gari la gia za mkono likiwa ndani ya gia na klachi haijakanyagwa, magurudumu yanaizungusha injini hata kama hakuna cheche. Injini haiwezi kuwa sifuri huku gari linakwenda 64. Kwa hiyo mshale ulikuwa unasema uongo, na mshale unapata habari zake kutoka kwa kompyuta.

Shahidi wa pili ni volti. Rekodi inaonyesha volti 13.9 baada ya mizunguko kusomeka sifuri, kisha 12.4 dereva alipokanyaga klachi. Alteneta haichaji bila kuzungushwa. Ilikuwa inazungushwa, maana yake injini ilikuwa inazunguka, na kompyuta haikuiona. Kompyuta isiyoiona kranki haijui lini ifungue nozeli wala lini irushe cheche, basi inaacha vyote viwili.

Kwa gari la otomatiki ushahidi huu hauwi safi hivi, kwa kuwa kibadilisha nguvu cha mafuta ndani ya gia kinaweza kuiacha injini isimame magurudumu yakiendelea. Huko mtu ategemee zaidi mpangilio wa taa.

Kilomita 142,531. Pembeni ya barabara

Muda ni mfupi: sensa ikipoa, ushahidi unapotea. Soketi ya sensa imechomolewa, mita imewekwa kwenye ohmu, ncha kwenye pini mbili za sensa. Dakika ya pili baada ya kuzima, mita inaonyesha njia imekatika kabisa.

Dakika ya 6: ohmu 2,410. Dakika ya 14: ohmu 2,260. Limewaka.

Asubuhi iliyofuata, nyuzi joto 20: ohmu 1,890. Kiwango cha sensa hii ikiwa baridi ni 1,630 hadi 2,740. Yaani ikipimwa baridi gerejini, iko ndani ya kiwango. Fundi wa wakala akiipima saa mbili asubuhi gari limelala uani usiku kucha, ataandika "nzima", na atakuwa ameandika alichokiona.

Kilomita 142,531. Mezani

Sensa imetolewa: boliti moja, spana namba 10, kisha kuizungusha kidogo kwa mkono ili oringi iachie. Isichokonolewe kwa bisibisi. Plastiki ya zamani inavunjika na kipande kinabaki ndani.

Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa hiyo koili yenyewe ni kipimajoto. Ohmu 2,410 gawanya kwa 1,890 ni 1.275, toa 1, gawanya kwa 0.0039, unapata ongezeko la nyuzi 70. Pembeni ya barabara, dakika ya 6, koili ilikuwa na nyuzi kama 90. Dakika ya 14 ilikuwa na nyuzi 70.

Imepashwa moto kwa mashine ya kukaushia nywele, mita ikiwa imeshikizwa. Ukinzani unapanda kwa utulivu hadi ohmu 2,440, halafu unaruka: njia imekatika. Kuachwa ipoe, unarudi. Imerudiwa mara tano, na kila mara imekatika kati ya nyuzi 93 na 97.

Sababu iko ndani. Waya wa koili ni mwembamba kama unywele na umezungukwa na gundi ngumu. Gundi na shaba havitanuki sawa. Miaka ya kupata joto na kupoa imevunja waya mahali fulani, pengine kwenye kiungo chake na pini. Ukiwa baridi ncha mbili zinagusana na umeme unapita. Gundi ikitanuka inazitenganisha. Hapo ndipo zinapotoka zile dakika 35 za kuzima na zile dakika 15 za kupona.

Nyuzi 95 si joto kubwa kwa sensa iliyokaa nyuma ya bloku. Sensa nzima inavumilia zaidi ya hapo kwa mbali. Hata hivyo kilichoonekana wakati wa kuitoa kimeandikwa: bati la kuzuia joto la paipu ya moshi lina boliti moja tu kati ya mbili, na limepinda likaacha wazi upande wa sensa. Limenyooshwa na kufungwa.

Kilomita 142,533. Sensa mpya, ya kwanza

Imenunuliwa ya bei nafuu. Kabla ya kufungwa imepimwa: ohmu 1,120. Iko nje ya kiwango. Ilijaribiwa hata hivyo ili kupata data, na hatushauri mtu afanye hivyo: stata inapigwa sekunde nne hadi tano ndipo injini iwake. Mita ikiwekwa kwenye volti za AC wakati wa stata, sensa inatoa 0.4, ya zamani ikiwa baridi ilikuwa inatoa 0.9. Mawimbi dhaifu yanatosha injini ikishapata kasi, hayatoshi kwenye mwendo mdogo wa stata. Imerudishwa dukani.

Kilomita 142,540. Sensa ya pili

Ohmu 1,910 kwa nyuzi 20. Volti za AC wakati wa stata: 0.95. Injini inawaka kwa mguso wa kwanza.

Mambo ya kufunga: ncha ya sumaku ifutwe chembe za chuma, na shimo lake pia, oringi ipakwe mafuta ya injini, sensa isukumwe kwa mkono hadi ikae kabisa kabla ya boliti, kwa sababu boliti ikitumika kuivuta ndani, mdomo wake unapasuka. Boliti ikazwe Nm 9, si zaidi. Waya zirudi kwenye njia yake ileile na ngao ya waya isikatwe. Waya wa sensa ukisogezwa karibu na koili za cheche unaokota kelele, na kelele kwa kompyuta inafanana na meno ya kranki. Waya mbili zisibadilishwe nafasi na mtu anayetengeneza soketi upya: mawimbi yanageuka juu chini, na injini inakuwa ngumu kuwaka au inawaka kwa mpangilio mbaya.

Soketi yenyewe imekaguliwa: pini moja ilikuwa imelegea kidogo, imebanwa. Hakuna mafuta ndani.

Kilomita 142,560. Faili kwa wakala

Gari bado liko ndani ya dhamana ya matengenezo kwa kazi tatu zilizolipiwa, kwa hiyo faili limepelekwa. Ukurasa wa kwanza una sentensi nne tu: linazima baada ya dakika 35 hadi 50, gia yoyote; mizunguko inasomeka sifuri huku gari linatembea na alteneta inachaji; pampu inakatwa na kompyuta sekunde mbili baadaye; sensa ya kranki inakatika kwenye nyuzi 95 na inarudi ikipoa. Nyuma yake kuna video, jedwali la rekodi, na nakala za kadi tatu.

Jibu la kwanza la mezani lilikuwa lilelile: hakuna kodi. Iliombwa sensa ya zamani ipashwe moto mbele ya fundi wao, kwa mita yao. Ilichukua dakika sita. Fundi aliandika matokeo kwenye kadi kwa mkono wake.

Inafaa kueleza kwa nini jibu la "haikuonekana" ni jepesi kutoka. Katika karakana nyingi fundi analipwa kwa saa zilizopangwa kwa kazi iliyotajwa. Kuendesha gari dakika 50 akingoja lizime ni muda usio na malipo. Na mtengenezaji anayedaiwa dhamana anataka kodi au kipimo, hataki neno la mteja. Fundi anaweza kuwa mwaminifu na bado mfumo ukamrudisha mteja nyumbani na gari linaloweza kumzimikia mbele ya lori. Hilo halikubaliki. Hitilafu inayozima injini kwenye mwendo ni ya usalama, na inastahili muda.

Kwa anayejiandaa kwenda mezani: kadi ibebe maneno yako mwenyewe, na isomwe kabla ya kutiwa saini. Andika mwendo, gia, dakika tangu kuwasha, joto, taa zilizobaki zinawaka, na muda hadi kuwaka tena. Omba jaribio la barabarani la dakika 45 pamoja na fundi. Omba vifaa vya zamani virudishwe. Toa namba ya chasi ya herufi na tarakimu 17, uulize mambo mawili tofauti: kama kuna wito wa kurejesha magari, na kama kuna waraka wa kiufundi. Wito ni wa usalama na mtengenezaji hugharamia. Waraka ni maelekezo kwa mafundi, na haumaanishi kazi ni bure. Ukiuliza kimoja tu, utajibiwa kimoja.

Matokeo: bei ya sensa na kazi yake imerudishwa. Bei ya pampu imekataliwa. Ombi la pili limepelekwa kwa maandishi, na hoja yake ni moja: onyesheni kipimo cha presha kilichofanywa kabla ya kuibadilisha.

Kilomita 144,170. Kuhakiki

Kilomita 1,630 tangu sensa mpya. Safari saba za zaidi ya saa moja, mbili katika joto la mchana na foleni. Hakuna tukio. Jaribio la kulazimisha pia limefanyika: saa moja ya mwendo, kuzima, dakika kumi boneti ikiwa imefungwa ili joto lipande kwenye bloku, kuwasha, mwendo tena. Sensa ikapimwa papo hapo: ohmu 2,490, sawa na nyuzi 98 kwenye koili. Ni joto lililozidi pale ya zamani ilipokuwa inakatika, na mawimbi yapo.

Taa tatu zimeondolewa, sehemu zilizochomekwa waya zimezibwa kwa utepe wa kuhami na mpira wa kubana kwa joto. Sensa ya zamani iko kwenye mfuko wenye lebo ya tarehe, kilomita na vipimo vyake vitano, hadi wakala atakapojibu kuhusu pampu.